Katalogi inasema 245, dayno imesoma 214 halafu 199: nguvu halisi ya gari la turbo ni ipi?

Gia_ya_Sita:
Wakuu habari za wakati huu, naombeni msaada maana hili jambo limenikosesha usingizi. Nina koupe ya milango miwili, injini silinda nne lita 2.0 turbo, inasukuma nyuma, giaboksi ya manyuali, katalogi ya kiwanda inasema 245 PS. Gari ni stoki kabisa, haijaguswa programu wala ekzosi, plagi na chujio la hewa nabadilisha kwa wakati wake, oili ndo usiseme.

Sasa nimeipandisha kwenye dayno ya rola (mashine ya kupima nguvu ya gari) kwa mara ya kwanza ili nijue nianzie wapi kabla sijafikiria kuityuni. Mpimo wa kwanza ikasoma 214, unaofuata ikashuka, wa mwisho ikatoa 199!! Jamaa anayeendesha ile mashine akaniambia turbo imechoka nitafute nyingine, na akaongeza kwamba hata hivyo viwanda vyote vinadanganya namba ili viuze magari. Upande wa pili rafiki yangu ana gari la 300 PS, nalo stoki, nalo linasukuma nyuma, kapimia kwenye dayno nyingine huko milimani likasoma 309 kwenye matairi. Yaani la kwangu limepoteza 46 na la kwake limeongezeka 9. Hizi namba zinatoka wapi, na ni ipi ya kuamini? Je turbo yangu ndo inakufa au?

Mzee_wa_Rola:
Mkuu tulia kwanza, usinunue turbo kwa ajili ya karatasi moja. Nimefanya kazi na hizi mashine muda mrefu na swali lako ni lile lile kila mtu anakuja nalo siku ya kwanza, kwa hiyo ngoja tulichambue pole pole.

Cha kwanza, 245 yako ni PS, yaani hosipawa ya kimetriki, na dayno nyingi zinatoa HP ya kiingereza, hivi vipimo viwili havilingani. PS moja ni kilowati 0.7355, HP moja ni kilowati 0.7457, kwa hiyo 245 PS ni kama 242 HP. Tayari umepata tatu ambazo hazijawahi kupotea popote.

Cha pili na ndo kikubwa, kiwanda kinapima kwenye krenki shafti, yaani shafti kuu ya injini, injini ikiwa imefungwa kwenye stendi peke yake. Dayno ya rola inapima kwenye tairi. Katikati hapo kuna klachi, giaboksi, propela, difu, shafti za nyuma, beringi za magurudumu na tairi lenyewe linalojikunja juu ya rola ya chuma, na vyote hivyo vinakula nguvu na kuigeuza joto. Gari linalosukuma nyuma mara nyingi linapoteza kati ya asilimia 10 na 15, fowili, linalosukuma magurudumu yote manne, inapoteza zaidi. Chukua 214 gawanya kwa 242 unapata 0.88, maana yake umepoteza asilimia 12. Hilo ni gari zima kabisa kwa macho yangu, na kama lingeletwa kwangu na namba hiyo ya kwanza ningemwambia mwenye gari aende nyumbani akalale.

Kuhusu kusema viwanda vyote vinadanganya, hapana. Namba ya katalogi inatoka kwenye kipimo chenye sheria. Ulaya na nchi nyingi nyingine zinafuata kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa, Marekani wana SAE J1349, na zote zinataka injini ipimwe ikiwa na vifaa vyake vya kila siku, pampu ya maji, oltaneta, chujio la hewa, ekzosi yake, na matokeo yarekebishwe yawe kama hewa ilikuwa nyuzi 25 na presha ya kilopaskali 99. Kwenye ile kanuni ya 85 nguvu ya juu iliyotangazwa inatakiwa isipishane na iliyopimwa kwa zaidi ya asilimia 2, na injini zinazotoka kwenye mstari wa uzalishaji zinapewa nafasi ya asilimia 5 juu au chini. Kwa hiyo 245 yako kisheria inaweza kuwa 233 au 257 na wote hao wakaitwa 245 na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Huo utaratibu haukuwepo siku zote ndo maana watu wazima wana hizo hadithi za kudanganywa. Marekani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wanatangaza nguvu ya injini tupu, haina feni haina chujio, ekzosi ya wazi. Chevrolet Corvette LT-1 ya 1971 ilitangazwa 330, ya 1972 ikatangazwa 255, watu wakadhani injini imeharibiwa kumbe kilichobadilika zaidi ni namna ya kupima.

Kipima_Joto:
Nakubaliana na Mzee kwa yote, ila mimi namba inayonivutia kwenye maelezo yako sio 214, ni ile ya mwisho, 199. Turbo iliyochoka haichoki ndani ya dakika kumi. Ingekuwa inavuja au shafti yake imelegea ungeona 199 tangu mwanzo. Namba inayoanza juu halafu inateremka mpimo hadi mpimo ni JOTO, na hapa ndo magari ya turbo yanapoachana kabisa na injini za kawaida.

Turbo inabana hewa, hewa ikibanwa inapata moto, ndo maana kuna intakula mbele ya gari kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Barabarani ukiwa kwenye 120 kuna upepo wa nguvu unaopita kwenye intakula. Kwenye dayno gari limesimama, upepo pekee ni ule wa feni waliyokuwekea, na feni nyingi nilizoziona ni ndogo mno, zinapuliza rejeta tu tena kwa mbali. Intakula inanyonya joto mpimo wa kwanza, wa pili inakuwa imeshajaa, wa tatu inarudisha joto kwenye hewa badala ya kulitoa.

Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma hilo joto kwa sensa. Hewa ikifika nyuzi 55, 60, 65, hatari ya petroli kulipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia inapanda, ile injini kugonga ambayo ikiachiwa inatoboa pistoni. Kwa hiyo kompyuta inarudisha taiming (wakati wa kupiga cheche) nyuma, wakati mwingine inapunguza na busti (presha ya turbo), inaongeza petroli kidogo kupoza chumba. Kila digrii ya taiming inayorudishwa ni hosipawa zinaondoka. Gari halijaharibika, linajilinda, na linafanya kazi nzuri sana ya kujilinda.

Okteni ni habari hiyo hiyo. Mazda wenyewe kwa ile injini yao ya lita 2.5 turbo huko Marekani walitangaza namba mbili waziwazi, 250 HP ukiweka petroli ya 93 na 227 ukiweka ya 87. Injini moja, programu moja, tofauti ya HP 23 kwa sababu ya mafuta tu! Angalizo, okteni za Marekani zinahesabiwa tofauti na Ulaya, 93 yao iko karibu na 98 ya Ulaya, kwa hiyo usilinganishe namba kwenye pampu bila kujua imeandikwa kwa mfumo gani.

Sasa tujibu haya mkuu: boneti ilikuwa wazi au imefungwa? feni ilikuwa kubwa kiasi gani na ilielekezwa wapi? walitumia gia ya ngapi? waliipumzisha dakika ngapi kati ya mpimo na mpimo? na tanki lilikuwa na petroli ya okteni gani?

Gia_ya_Sita:
Aisee asanteni sana, tayari nimepumua. Majibu: boneti ilikuwa imefungwa, feni ilikuwa moja ya mviringo kama zile za kupoza ukumbi, iliwekwa pembeni kidogo upande wa dereva. Gia ya tatu. Kupumzika hakukuwepo, walipandisha moja kwa moja moja baada ya nyingine kwa sababu kulikuwa na foleni nyuma yangu. Petroli niliweka ya 95 na kwenye kifuniko cha tanki wameandika 98 inapendekezwa, 95 inaruhusiwa. Halafu kitu kingine, taa ya ESP (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) iliwaka kwenye dashibodi wakati wa kupima ikazimika baadaye nikiwa barabarani.

Kipima_Joto:
Boneti imefungwa, feni iko pembeni, mipimo inafuatana bila kupumzika, okteni chini ya inayopendekezwa. Hapo kusoma 214 mara ya kwanza ni jambo la kuipongeza hiyo injini kwa kweli.

Gia ya tatu nayo ina shida yake. Kawaida wanatumia gia iliyo karibu na moja kwa moja, yaani shafti ya kuingia na ya kutoka zinazunguka sawa, kwa manyuali nyingi za kusukuma nyuma ni ya nne au ya tano kutegemea giaboksi. Kwenye gia ya chini rola inapanda haraka mno, mpimo unaisha turbo haijapata muda wa kujaza vizuri, na baadhi ya magari kompyuta inapunguza torki makusudi kwenye gia za chini kulinda giaboksi. Na hiyo taa ya ESP usiipuuze: magurudumu ya mbele yamesimama, ya nyuma yanazunguka kwa 150, sensa za ABS zinaambia kompyuta gari linateleza. Magari mengi ya siku hizi yana hali maalumu ya dayno ya kuwasha kabla ya kupima, isipowashwa kompyuta inaweza kukata nguvu kimya kimya bila wewe kusikia chochote.

Busti_Tupu:
Naona mmeitetea sana dayno na kiwanda, ngoja mimi nilete upande mwingine maana kuna jambo watu wanalikwepa. Namba za katalogi ZINACHEZEWA, ila kwa magari ya turbo mara nyingi zinachezewa kwenda CHINI, sio juu.

Angalieni Toyota GR Supra ya 2020 yenye injini ya BMW lita 3.0. Iliuzwa Marekani kwa 335 HP. Jarida la Car and Driver wakaipandisha kwenye rola wakapata 339 KWENYE MATAIRI. Kwenye matairi wakuu! Ukirudisha hasara ya giaboksi na difu pale kwenye krenki kuna zaidi ya 370 bila ubishi. Mwaka uliofuata Toyota wakatangaza 382. Kulikuwa na mabadiliko kweli kwenye injini lakini ile namba ya kwanza ilikuwa ya aibu kwa upole wake.

Na Wajapani ndo mabingwa wa hili jambo. Kuanzia 1989 hadi 2004 viwanda vya Japani vilikubaliana kiungwana kwamba gari la kuuzwa nyumbani lisitangazwe zaidi ya 280 PS. Basi ukachukua Skyline GT-R ya R32, R33, R34, zote 280. Lancer Evolution ikafika 280, Impreza STI ikafika 280, kila mtu 280 kana kwamba walikaa darasa moja wakaigiliziana. R34 ya kiwandani ukiipandisha kwenye dayno inatoa zaidi ya hapo na kila fundi wa RB26, injini ya hizo GT-R, anajua. Honda Legend ndo ikavunja mwiko 2004 ikatangazwa 300.

Kwa nini kiwanda kiseme kidogo? Sababu zipo nyingi na zote zina akili. Bima na kodi sehemu nyingi zinaangalia nguvu iliyoandikwa. Gari dogo lisionekane linamkaribia kaka yake wa bei kubwa kwenye chumba kile kile cha maonyesho. Na kubwa zaidi, turbo inaruhusu. Injini isiyo na turbo inapata hewa inayoipata tu, pistoni inavuta basi, kila injini inatoka tofauti kidogo na mwenzake na huna la kufanya. Kwa turbo kompyuta ina westigeti mkononi, ule mlango unaopitisha moshi wa ekzosi pembeni ya turbo, inaweza kuongeza busti mpaka torki iliyoandikwa kwenye programu ipatikane, kwa hiyo injini dhaifu na injini nzuri zote zinafikishwa kwenye lengo, na mhandisi anaweka lengo juu kidogo ili hata siku ya joto, hata kwa mteja anayekaa milimani, gari lisishuke chini ya ahadi. Siku ya baridi yenye mafuta mazuri lazima utapata cha ziada.

Ndo maana gari la rafiki yako limetoa 309 kwenye matairi, hilo halinishangazi hata kidogo, ni mashine za namna hiyo. La kwako labda kweli linahitaji kuangaliwa.

Mzee_wa_Rola:
Supra nakupa, kipimo kile nakijua na ni cha kweli. Ila ile ya 280 uichuje vizuri kijana wangu, sio kila tofauti ilikuwa ya kuficha. Supra ya zamani ile JZA80 Japani ilikuwa 280 PS na Marekani 320 HP watu wakasema ni ile ile imefichwa, lakini ya nje ilikuwa na turbo za gurudumu la chuma na noza za petroli za 550 (cc kwa dakika), ya Japani turbo zake gurudumu la seramiki na noza za 440. Vifaa tofauti, namba tofauti. Japo mapatano yalikuwepo, kila injini ina mambo yake.

Na kusema turbo zote zinatangazwa chini ni hatari vile vile, maana mtu atapima gari lake bovu aseme kiwanda kilimdanganya au atapima gari zima aseme bovu. Viwanda vimewahi kutangaza zaidi ya kilichopo na vikalipa. Ford Mustang Cobra ya 1999 iliandikwa 320, wenye magari wakapima wakaona haifiki, Ford wakasimamisha mauzo wakaita magari wakabadilisha manifoldi ya kuingiza hewa na ekzosi. Mazda MX-5 ya 2001 iliandikwa 155 huko Marekani ikashushwa mpaka 142 na wateja wakaambiwa anayetaka arudishe gari. Zote hazina turbo, na hapo nakubaliana nawe, zisizo na turbo hazina pa kujificha.

Ukitaka mfano mzuri wa turbo tazama Ford Fiesta ST ya 2013. Ulaya waliitangaza 182 PS, lakini ina busti ya ziada inayokaa mpaka sekunde 20 ukikanyaga mafuta yote, na ndani ya hizo sekunde inatoa 200 PS. Marekani waliitangaza 197 HP, ambayo ndo hiyo hiyo 200 PS. Nani mwongo hapo? Mmoja kaandika anachokipata dereva muda wote, mwingine kaandika anachokipata akipita lori. Nguvu ya turbo ina muda wake na masharti yake, ukitaka namba moja ya kuibandika kwenye gari milele hutaipata.

Hesabu_Kwanza:
Jamani salamu. Nimesoma yote na nina swali moja kwa mwenye mada kabla hatujalisifia gari la rafiki yake. Umesema alipimia dayno iliyoko milimani. Muombe akutumie karatasi, chini au pembeni kuna namba imeandikwa CF, na pia angalia kama pameandikwa SAE au STD, yaani kanuni waliyotumia kurekebisha hewa. Ni ya ngapi?

Gia_ya_Sita:
Dada nimemuomba amenitumia picha. Imeandikwa SAE na CF 1.18. Ya kwangu imeandikwa CF 1.01. Ndo nini hii?

Hesabu_Kwanza:
Hapo ndo tumefika. Hiyo CF ni namba ambayo programu ya dayno inazidisha na kilichopimwa kabla ya kukuonyesha. Hewa ya milimani ni nyepesi, injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo programu inasema ngoja nikurudishie ulichonyimwa na mlima ili ulinganishwe na mtu wa pwani. Kwa injini isiyo na turbo ni haki kabisa.

Kwa turbo sio haki. Turbo haijanyimwa kiasi hicho, kompyuta inaona presha haijafika inafunga westigeti, turbo inazunguka kwa kasi zaidi, presha kwenye manifoldi inarudi karibu pale pale. Inapoteza kidogo, kwa sababu inafanya kazi nzito zaidi na hewa inatoka na moto zaidi, ila haipotezi asilimia 15 ambayo CF 1.18 inadhani imepotea. Gari limeshajifidia lenyewe halafu dayno inalifidia mara ya pili.

Chukua 309 gawanya kwa 1.18, unapata 262. Hiyo ndo rola iliyoiona. 300 PS ni HP 296, gawanya 262 kwa 296 unapata 0.885. Sasa tazama la kwako, 214 gawanya kwa 1.01 ni 212, gawanya kwa 242 ni 0.876. Magari yenu mawili yanafanana kama mapacha! Labda la kwake lilipoteza kidogo kwa sababu ya mlima, labda la kwako lilipoteza kidogo kwa sababu ya feni na okteni, lakini hakuna lililokufa na hakuna lenye miujiza.

Kaka Busti_Tupu sikupingi kuhusu Supra, ila kabla ya kusema gari limetangazwa chini mtu aonyeshe CF kwanza. Nimeona karatasi nyingi sana za magari ya turbo zinazosambazwa kwa shangwe na CF imekatwa kwenye picha.

Busti_Tupu:
Dada umenishika hapo, CF 1.18 kwa turbo haikubaliki. Kwa gari la rafiki yake naondoa maneno yangu. Supra ilipimwa na watu wanaojua wanachofanya, hiyo inabaki. Ila mnisaidie, kwa hiyo kurudisha kwenye krenki tuzidishe na ngapi? Wengine wanasema 1.15, wengine 1.2.

Mzee_wa_Rola:
Usizidishe. Nasema kwa nia njema kabisa. Hasara ya giaboksi na difu sio asilimia moja iliyosimama. Kuna sehemu inayotegemea kasi tu, oili inayochapwa na gia, beringi, tairi, hiyo ipo hata injini ikitoa nguvu kidogo. Na kuna sehemu inayotegemea torki, meno ya gia yanavyobanana. Ukichukua gari ukaliongezea HP 100 hasara haiongezeki kwa uwiano ule ule. Halafu mikanda ya kufungia gari ikikazwa sana tairi linakandamizwa kwenye rola unapoteza zaidi, presha ya tairi ikiwa chini unapoteza zaidi. Gari lile lile, siku ile ile, nimeona linabadilika kwa kulegeza mkanda tu.

Ndo maana mimi kazi yangu naiona ni kulinganisha gari na lenyewe. Dayno ile ile, gia ile ile, feni ile ile, presha ya tairi ile ile, joto la hewa la kuanzia lile lile, kabla na baada. Ikikuambia umeongeza 25 amini hiyo 25.

Hesabu_Kwanza:
Na mwenye mada kama una uwanja uliofungwa wa kukimbizia magari, sio barabara ya watu tafadhali, kuna njia haina rola wala mikanda. Kifaa cha GPS kinachopima muda wa kutoka 80 mpaka 160. Unajua uzito wa gari na wako, unahesabu nishati iliyoongezeka. Kwa kilo 1,500 jumla, kutoka 80 mpaka 160 ni jouli 1,111,000 hivi. Gawanya kwa sekunde ulizotumia unapata wati. Juu yake ongeza upepo na tairi, kwa gari la umbo lako wastani wa kasi hizo ni kama kilowati 22. Njia tambarare, uende na urudi uchukue wastani. Utakachopata ni wastani wa nguvu kwenye matairi, kilele kitakuwa juu yake kidogo kwa sababu kila ukibadili gia RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka.

Kipima_Joto:
Na wakati huo huo chomeka kifaa kwenye tundu la dayagnosi urekodi vitu vitano: busti inayoombwa na kompyuta, busti inayopatikana, joto la hewa inayoingia, taiming inayorudishwa kwa kila silinda, na gramu za hewa kwa sekunde. Turbo iliyochoka utaiona hapo bila kuuliza mtu, iliyoombwa inakuwa juu na inayopatikana inabaki chini, hasa RPM zikipanda. Gramu za hewa nazo zina siri yake, kwa petroli kila gramu 7.5 kwa sekunde inalisha karibu HP 10 kwenye krenki. Ni makadirio lakini yanakaa karibu na ukweli.

Gia_ya_Sita:
Wakuu nimerudi, nimepata uwanja na nimefanya kama mlivyosema, nikamwaga na 98 kwenye tanki. Uzito na mimi ndani kilo 1,500. 80 mpaka 160 wastani wa kwenda na kurudi sekunde 9.1. Busti iliyoombwa na iliyopatikana zinafuatana mpaka juu kabisa, hakuna mwanya. Hewa ya kuingia ilianza nyuzi 34 ikamaliza 43. Taiming haikurudishwa isipokuwa digrii moja silinda ya tatu mara moja moja. Gramu za hewa kilele 180.

Hesabu_Kwanza:
1,111,000 gawanya kwa 9.1 ni kilowati 122, jumlisha 22 ni 144, hiyo ni PS 196 wastani kwenye matairi, kubadili gia kumo humo humo. Kilele cha 214 au 220 kwenye rola kinakaa sawa kabisa na hapo. Nimefurahi sana kwa ajili yako.

Kipima_Joto:
Gramu 180 gawanya kwa 7.5 zidisha kwa 10 ni HP 240, na katalogi yako ni 242. Turbo yako nzima, iache ilipo. Kabla ya kuityuni ng'oa bampa la mbele uangalie mapezi ya intakula, yakiwa yamelala au yamejaa wadudu na matope yasafishe kwa maji ya presha ndogo, na ukirudi kwenye dayno waambie boneti wazi, feni mbele katikati, gia ya nne, hali ya dayno imewashwa, na dakika kadhaa za kupumzika kati ya mipimo hata kama nyuma kuna foleni. Wakikataa tafuta dayno nyingine.